Jina Nililolimeza Juu ya Jiwe

Msiniletee habari za wageni. Juzi tena wamekuja watu wawili na viatu vyao vya kupandia milima, wananiomba niwapeleke juu ya Nakalala, eti wameambiwa Masasi nzima hakuna anayeyajua mawe kumshinda Mzee Silvesta. Nikawaambia nendeni zenu. Wakadhani nataka bei iongezwe. Bei gani? Mimi nimetembeza wageni siku moja tu maishani mwangu, asubuhi mpaka jua kuchwa, na siku hiyo hiyo nikaligawa shamba la mama mkwe wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Sasa nani anataka mara ya pili?

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mwaka ule watoto wa shule walipogawiwa vikombe vyenye picha ya Malkia. Mimi nilikuwa nimemwoa Ida. Kwetu sisi mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, kwa hiyo nilitoka Lupaso na jembe langu na shoka langu, nikajenga karibu na nyumba ya mama yake, kule nyuma ya Lisekese. Nyumba ni ya mke, watoto ni wa ukoo wa mke, shamba ni la mama wa mke. Mimi nilikuwa mikono tu. Silalamiki. Baba yangu naye aliishi hivyo hivyo, na babu yangu.

Na mkwe wa kwetu si mtu wa kuchekeana naye. Nikikutana na mama yake Ida njiani, naingia majanini, nampa mgongo mpaka apite. Siketi alipoketi. Sili akiniona. Na jina lake, ng'o! Silitaji, hata nikiumwa. Nikilazimika kumsema, nasema "wale wakubwa," watu wanaelewa. Miaka tisa nilimlimia, akanipikia, akamlea binti yangu Paulina, na jina lake halijawahi kupita kwenye ulimi wangu. Msidhani ni uadui. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, hakuna kubwa kuliko hiyo.

Shamba lenyewe lilikuwa bondeni, nyuma ya Nakalala. Nakalala ni mlima mzima jiwe moja, na chini yake kwa nyuma maji yanatoka kwenye ufa, hayakauki hata mwezi wa kumi, wakati Masasi nzima watu wanachimba mchanga kutafuta tone. Mama mkwe alilirithi bonde lile kwa mama yake, naye kwa mama yake. Alikuwa na mihogo, mbaazi, majimbi pale kwenye unyevu, na mikorosho michanga aliyoipanda kwa mkono wake, kila shimo nikilichimba mimi. Nyumba ile yote ilikula kutoka pale. Ukitupokonya bonde lile, umetupokonya chungu jikoni.

Basi, siku moja mwezi wa sita, mavuno yakiwa yamekwisha, akaja Fakihi. Fakihi alikuwa karani wa boma, Mmakonde wa Newala, mtani wangu.

"Wewe mla pimbi," akaniambia, "leo pimbi wako wamekupatia kazi. Kuna Mzungu na mkewe wametoka Newala kutazama lile bonde refu la Shimo la Mungu, sasa wanataka kutazama mawe yenu. Wanataka mtu wao peke yao, siku nzima, anayejua njia na anayejua kusema na watu."

"Wanatafuta nini huko kwenye mawe?"

"Watafute nini? Matembezi. Wazungu wakichoka kukaa hupanda milima, wakichoka kupanda hukaa."

Tukacheka. Ni kweli mimi nilikuwa mwindaji wa pimbi, kila pango nalijua, na nilikuwa nimesoma misheni mpaka darasa la nne. Kichwa kikavimba. Nikaenda kwa Mwalimu Cuthbert kuazima viatu, nikamwambia Ida anipigie pasi kaptula ya kanisani. Ida akanitazama tu.

"Unakwenda harusini, Baba Paulina?"

"Nakwenda na wakubwa."

"Haya. Viatu visikuume tu."

Asubuhi yake, kabla sijatoka, Paulina akaja mbio kutoka kwa bibi yake. "Baba, bibi anasema upande salama. Yeye amekwisha kwenda kwenye jiwe alfajiri, amekumwagia unga, mguu wako usiteleze." Mmesikia? Mama mzima, magoti yanamuuma, alitembea gizani kumwombea mkwe wake kwa mizimu. Nikamjibu mtoto, "Waambie wale wakubwa nimeshukuru." Kisha nikaondoka, viatu vikilia kwa-kwa-kwa.

Yule Mzungu alikuwa mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha vitabuni. Shingoni alifunga daftari dogo kwa kamba, na kila nilichosema aliandika. Moyoni nikamwita Bwana Daftari. Mkewe, tuliyemwita Memsahibu, alibeba kamera na kuvaa kofia pana. Sikumwona na ubaya, na mpaka leo siwezi kusema alikuwa na ubaya. Aliniuliza jina, akaniuliza watoto, akanipa maji kwenye chupa yake mwenyewe. Hilo la chupa liliniingia kichwani vibaya sana. Mzungu kunipa maji kwenye chupa yake! Kuanzia pale nilitaka anipende.

Niliwapitisha chini ya mlima Mtandi, wakapiga picha ya kanisa na jiwe nyuma yake. Niliwaingiza kwenye pango walimojificha bibi zetu wakati Wangoni waliposhuka kuteka watu, nikawaonyesha ukuta uliopigwa weusi na moshi wa mioto yao. Bwana Daftari akapapasa ule weusi, akaandika. Nikawaonyesha mahali nyuki wanapokaa, na pimbi waliojianika juani. Memsahibu akapiga makofi. Mimi nami nikazidi kusema. Nilisema siku ile, jamani! Hata maneno ya Kiingereza niliyosahau tangu misheni yalifufuka.

Adhuhuri tukafika chini ya Nakalala, pale penye mti wa kutambikia. Chini ya mti, kwenye bapa la jiwe, palikuwa na unga wa mtama, umemwagwa kwa mkono taratibu mpaka ukasimama kichuguu. Ulikuwa mweupe, mpya, na pale kivulini umande haujakauka vizuri pembeni. Memsahibu akainama.

"Hiki ni nini?"

Nilijua ni nini. Nilijua ni wa nani, ni wa saa ngapi, na ni kwa ajili ya mguu wa nani. Nikacheka, Mungu anisamehe.

"Ah, Memsahibu, hayo ni mambo ya wazee wasiosoma. Wanalisha mawe."

"Na wewe, Silvesta?" Bwana Daftari akauliza. "Wewe unafuata desturi hizi?"

"Mimi? La, bwana! Mimi ni Mkristo, nimesoma. Desturi hizo sisi tumeziacha."

Akanipiga bega. "Vizuri. Watu kama wewe wataijenga nchi hii." Akaandika. Memsahibu akachovya kidole kwenye unga, akaonja, akakunja uso, wakacheka wote wawili. Na mimi nikacheka nao. Kichuguu kikawa na shimo la kidole katikati, nami nikauvuka unga ule kwa viatu vya Cuthbert.

Tukapanda. Juu ya Nakalala upepo unakupokea kabla hujasimama sawa. Mbele unaiona Masasi yote na mawe yake, kushoto kwa mbali ule ukuta wa bluu wa uwanda wa Wamakonde, Newala iko juu yake. Wazungu wakakaa, wakala mikate yao, wakanipa na mimi. Kisha Bwana Daftari akaenda upande wa nyuma, akatazama chini.

"Oo," akasema. "Kumbe kuna bonde. Zuri sana. Yale ni maji?"

Nikasimama kando yake. "Maji, bwana. Hayakauki." Nikanyoosha mkono kumwonyesha ufa, na mfereji, na kijani chake chote. Memsahibu akasema "Usitikisike!" akanipiga picha nikiwa vile vile, mkono umenyooka, meno yote nje.

"Na mimea ile?" Bwana Daftari akauliza. "Shamba lako?"

"Si langu, bwana."

"La baba yako?"

"Baba yangu ana nini huku, bwana? Baba yangu yuko Lupaso."

"La jumbe?"

"La."

Akatoa kalamu. "Basi la nani? Niambie jina la mwenyewe."

Jina. Hapo ndipo, ndugu zangu. Lilikuwa hapa, kooni. Nikafungua mdomo, mdomo ukakataa. Miaka tisa haukujua njia hiyo. Nikasema moyoni, nitamwambia ni mama wa mke wangu, na kwetu mtu hamtaji mkwewe. Lakini ningemwambiaje hivyo, nami sijamaliza saa moja tangu nimwambie desturi tumeziacha? Angeniona mshenzi kama wale wanaolisha mawe. Angeichukua ile chupa yake. Jina siwezi kulitaja, na sababu ya kutolitaja naona haya kuisema. Na yeye kalamu iko juu ya karatasi, ananisubiri kwa upole wake wote.

"Hakuna mwenyewe, bwana," nikasema. "Watu wanalima tu."

"Hakuna mwenyewe," akarudia, akaandika.

Hivyo tu. Halikuchukua hata muda wa kumeza mate. Niliona nimetoka shimoni kwa akili. Nikawashusha kwa upande mwingine, jua likielekea kuchwa, wakanishukuru, wakanipa ujira wangu na bati la biskuti. Memsahibu akaahidi kunitumia picha. Jioni ile nilitembea kijijini na bati kwapani, kila mtu namweleza Mzungu alivyonipiga bega. Mama mkwe nilimpelekea biskuti kwa mkono wa Paulina. Alizila, akasema tamu.

Usiku nikilala nilikumbuka lile neno, likanichoma kidogo. Nikajiambia, yalikuwa matembezi. Mtu akipanda mlima kutazama mandhari, maneno yake yanabaki hapo hapo mlimani.

Mwezi wa kumi na moja, tukingoja mvua, tuliamka tukakuta mawe yamepakwa chokaa kuzunguka bonde lote. Mama mkwe ndiye aliyeyaona kwanza. Alirudi na jembe begani, akaketi kibarazani kwake. Siku ya tatu likaja tangazo: nyuma ya Nakalala pote ni msitu wa serikali, kulinda maji. Hakuna kulima, hakuna kuchimba mihogo, hakuna kukata hata fito. Mwenye madai aje barazani Masasi siku ya Jumatatu.

Nikajua. 

Barazani alikuwapo Mzungu mwingine, mfupi, mwekundu. Bwana Daftari alikuwa amekwisha kwenda kwao likizo. Mkalimani alikuwa Fakihi. Watu walijaa, akina mama wamekaa upande wao, na mama mkwe nyuma yao, kanga kichwani, amegeukia kando kwa sababu yangu. Hata siku ile alikumbuka kunipa heshima yangu.

Ida akasimama. Hakungoja mtu. "Shamba lile ni la mama yangu, na bibi yangu kabla yake. Muulizeni yeyote hapa."

Fakihi akatafsiri. Yule Mzungu akafungua jalada, akamwonyesha Fakihi mstari kwa kidole. Nikamwona Fakihi anasoma, anasimama, ananitazama mimi, anasoma tena. Uso wa utani wote umemwisha.

"Hapa imeandikwa," akasema polepole, "kwamba bwana mmoja wa serikali alipanda Nakalala, akaliona bonde. Akamuuliza mwenyeji aliyemwongoza, jina lake Silvesta. Silvesta akasema bonde halina mwenyewe."

Lo! Mngekaa nyinyi pale. Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Ida aligeuka wa mwisho, naye alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali fulani.

"Silvesta," Fakihi akasema, "bwana anauliza, ni kweli ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Shamba lina mwenyewe au halina?"

"Linaye."

"Basi mtaje."

Nikamtazama Fakihi. Yeye Mmakonde, anajua vizuri ananiomba nini. Akainamisha macho. Nikasema, "Ni la wale wakubwa." Fakihi akatafsiri, Mzungu akatikisa kichwa: jina. Nikasema, "La mama wa mke wangu." Jina! akagonga meza. Andiko linataka jina.

Hapo nikasema. Nilisimama katikati ya baraza, mbele ya wakwe, mbele ya majumbe, mbele ya binti yangu, nikapaza sauti: "Ni shamba la Sijaona! Sijaona binti Alfani!"

Akina mama wakaguna. Mmoja akasema "Mungu wangu!" Mama mkwe akashusha kanga mpaka ikamfunika uso wote, akabaki hivyo.

Mzungu akaandika? Wapi! Alikunja mikono.

"Bwana anauliza," Fakihi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "jina unalijua, kwa nini siku ile hukulisema?"

"Desturi, Fakihi. Unajua wewe! Mwambie mtu hamtaji mkwewe kwetu."

Fakihi akamwambia, tena akamweleza kwa maneno mengi, nilimwona anavyopigania. Mzungu akafunua karatasi ya pili, akaisoma mwenyewe, akamrudishia. Fakihi akaisoma moyoni. Kisha akaisoma kwa sauti kwa sababu aliamriwa. "Imeandikwa hapa kwamba mwongozaji Silvesta ni Mkristo aliyesoma, na alieleza kwa kinywa chake kwamba yeye hafuati desturi za wenyeji."

Ndani ya jalada ilikuwamo na ile picha. Mzungu aliiinua watu waione: mimi juu ya jiwe, kaptula ya pasi, mkono umenyooka kulielekea shamba, nacheka.

"Bwana anasema hivi," Fakihi akamalizia. "Siku ile ulikuwa matembezini, hukuwa na faida ya kusema uongo. Leo unayo. Kwa hiyo serikali inashika neno la siku ile." Wakaita kesi nyingine.

Majuto ni mjukuu, ndiyo, lakini mimi yangu yalikuja siku hiyo hiyo. Njiani kurudi Ida alitembea mbele na mama yake, mimi nyuma kwa mbali na Paulina.

Kwetu ukimkosea mkwe unapeleka kuku kwa mkono wa mtu mzima. Nikampeleka Mwalimu Cuthbert na jogoo mweupe. Jogoo akarudi. Nikapeleka jogoo na kanga mpya. Vikarudi vyote, kanga haijakunjuliwa. Siku ya nne, mama mkwe akaja mwenyewe.

Alikuja njia kuu, mchana, nami niko uani nanoa jembe. Nikaruka nikageuka kumpa mgongo, kama kawaida. Nikasikia hatua zinakuja, zinakuja, zikasimama nyuma yangu kabisa. Hajawahi kusogea hivyo miaka tisa.

"Silvesta," akasema. Naye alikuwa hajawahi kuniita. "Geuka."

Sikuweza.

"Geuka, mwanangu, hakuna kitu tena hapo cha kuheshimu. Ile alfajiri nilikumwagia unga usianguke. Hukuanguka. Mizimu walinisikia." Akapumua. "Mkwe ni mtu anayenilimia shamba. Shamba sina, basi na mkwe sina. Kuanzia leo ukinikuta njiani, usiingie majanini. Nisalimie kama mtu yeyote, niite Sijaona."

Nilipogeuka alikuwa amekwisha ondoka, anashuka taratibu kwa magoti yake yale. Ida alikuwa mlangoni. Kaptula ya kanisani, shati, shoka, vyote alikuwa ameshavifunga kwenye shuka, na jembe akaniambia nimalize kulinoa kwanza, njia ya Lupaso ni ndefu.